Jenereta ya Kujitengenezea na Mpaka wa Umeme wa Bure

(Mhadhara wa wazi uliotolewa mjini Njombe mbele ya walimu, mafundi, wanafunzi wa ufundi na wananchi)



 Nawashukuru mafundi wa gereji na wa kusuka mota, ambao mmeacha kazi za watu mezani mkaja kusikiliza. Mhadhara huu ni wenu kabla ya kuwa wa mtu mwingine.

Nimekuja kueleza jambo moja. Kujitengenezea umeme nyumbani au kijijini kunawezekana, na vijana wetu wanao ujuzi wa kutosha kwa kazi hiyo. Umeme usiotoka popote hauwezekani, na hakuna ufundi utakaouleta. Mpaka kati ya mambo haya mawili unapimika kwa mita na kwa hesabu za kuzidisha na kugawanya. Anayeujua mpaka huo anaweza kusema mashine yake itatoa kiasi gani kabla hajanunua hata kilo moja ya waya wa shaba.

Mada hii nimeichagua kwa sababu ya yale ninayoyaona kwenye simu za wanafunzi wangu. Kuna video nyingi, na zote zinafanana. Mota inazungusha gurudumu zito, gurudumu linazungusha alteneta, alteneta inachaji betri, betri inalisha inveta, inveta inarudi kuilisha mota ile ile, na juu ya hayo taa kumi zinawaka mezani. Hakuna mafuta, hakuna maji, hakuna jua. Kijana akiiona anauza mbuzi, au anakopa kwenye kikundi, anakwenda kununua sumaku, beringi na alteneta chakavu. Jambo hili linaniuma, kwa sababu wanaopoteza fedha hizo si wavivu wala wajinga. Mara nyingi ni wale wenye mikono mizuri kuliko wenzao wote darasani.

Nina hoja sita. Nyingine nitazipitia haraka, nyingine nitakaa nazo.

Hoja ya kwanza: jenereta haizai nishati, inaibadilisha

Mwaka 1831, mjini London, Michael Faraday alichukua koili ya waya wa shaba akaiunganisha na kifaa chenye sindano ya kuonyesha mkondo wa umeme. Alikuwa mtoto wa mhunzi, na ujana wake aliutumia kujifunza kazi ya kujalidi vitabu. Hisabati yake ilikuwa ndogo, lakini macho na mikono yake havikuwa na mfano. Aliposukuma sumaku ndani ya koili, sindano ilicheza. Alipoiacha sumaku itulie ndani, sindano ilirudi kwenye sifuri. Alipoichomoa, sindano ilicheza upande wa pili.

Ninawaomba wanafunzi mwangalie hapo katikati, sumaku ilipotulia. Sumaku ilikuwa na nguvu zake zote, koili ilikuwa na mizunguko yake yote, na umeme ulikuwa sifuri. Sumaku peke yake haitoi umeme. Umeme unatoka kwenye mwendo, na mwendo una anayeuleta. Hivyo ndivyo ilivyo kwa dainamo ya baiskeli, na ndivyo ilivyo kwa mitambo tisa ya Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, ambayo kila mmoja una uwezo wa megawati 235.

Hapa mezani nina dainamo ya baiskeli, ya volti 6 na wati 3, niliyoifunga kwenye mkono wa kuzungushia. Naomba kijana mmoja aje mbele. Karibu, mwanangu. Zungusha kwanza bila taa. Unaona inavyokwenda yenyewe? Sasa naunga taa, wewe usipunguze mwendo. Waambie wenzako unasikia nini mkononi.

Amesema imekuwa nzito. Ahsante, kaa.

Hakuna gia niliyobadilisha, hakuna breki niliyokanyaga. Nilichofanya ni kuunga nyaya mbili tu. Mkondo ulipoanza kupita, koili yenyewe ikawa sumaku, na sumaku hiyo mpya ikapinga mwendo ulioizaa. Heinrich Lenz alilieleza jambo hili mwaka 1834, na tangu hapo halijapata kukutwa pengine pasipokuwa hivyo. Ule uzito alioupata kijana wetu ndio mwanga mliouona. Taa ikiongezwa, uzito unaongezeka. Mtu akikuletea jenereta ambayo haibadiliki uzito inapobebeshwa taa, elewa kwamba umeme wa taa hizo unatoka mahali pengine, na kazi yako ni kupatafuta mahali hapo.

Hoja ya pili: kila badiliko lina kamisheni

Mtu akibadilisha shilingi kuwa dola, kisha akazirudisha kuwa shilingi siku ile ile kwa bei ile ile ya duka, hawezi kutoka na nyingi kuliko alizoingia nazo. Kila dirisha linakata chake. Nishati nayo iko hivyo.

Tuichukue ile mashine ya kwenye video tuifanyie hesabu. Tuseme betri inatoa wati 100. Inveta ya kawaida inapitisha kama asilimia 88, nyingine ni joto linalopulizwa na feni yake. Mota ndogo inageuza asilimia 80 kuwa mzunguko. Mkanda na puli vinapitisha asilimia 95, na hapo tumeufanyia mkanda hisani. Alteneta ya gari, wenzangu wa gereji mnaijua inavyochemka, inageuza kama asilimia 60. Zidisha zote: 0.88 mara 0.80 mara 0.95 mara 0.60. Unapata 0.40. Zilizotoka ni wati 100, zilizorudi ni 40. Hata taa moja hatujawasha bado. Ukinunua vifaa bora kabisa utazifikisha 70, pengine zaidi, lakini 100 hutazifikia, sembuse kuzipita.

Hapo ndipo mtu husema: mwalimu, umelisahau gurudumu zito. Sijalisahau. Gurudumu zito linaheshimika katika ufundi; liko ndani ya kila injini ya mashine ya kusaga, linatuliza mwendo. Tulipime. Chukua gurudumu la chuma la kilo 50, lenye nusu kipenyo cha sentimeta 30, uzito wake ukiwa umeenea sawasawa, likizunguka mara 1,500 kwa dakika. Ni kitu cha kutisha kukisimamia karibu. Nishati iliyomo ni kama jouli 28,000. Zingetolewa zote bila kupotea hata moja, zingewasha taa ya wati 10 kwa dakika 46. Zingeendesha birika la umeme la wati 2,000 kwa sekunde 14. Na hizo jouli 28,000 ziliwekwa humo na mota, au na mkono wa mtu aliyeivuta kamba mwanzoni. Gurudumu ni akiba. Akiba haizai yenyewe.

Mashine za kiwandani nazo hazisalimiki. Lita moja ya petroli ina nishati ya karibu uniti tisa, uniti zile zile mnazonunua kwenye LUKU. Jenereta ndogo ya dukani inakupa kama uniti mbili. Saba nyingine zinatoka kwenye eksozi na kwenye joto la injini. Ukiweka kiganja karibu na eksozi, ndizo hizo unazozisikia.

Hoja ya tatu: volti si wati, na macho yanadanganyika

Nimeletewa mashine nyingi kwenye karakana nizitazame. Karibu wote walioleta walianza kwa kunionyesha mita: inasoma volti 220. Nami huwajibu kwa upole kwamba volti peke yake haijatuambia kitu. Koili yenye mizunguko mingi ya waya mwembamba itatoa volti 220 kirahisi pale ambapo hakuna kilichoungwa. Unga taa ya wati 60, uangalie mita tena: zinabaki volti chache, na taa haionyeshi hata wekundu. Kazi inapimwa kwa wati, yaani volti mara ampea, tena kwa muda. Mashine ambayo haijapimwa ikiwa na mzigo haijapimwa.

Kuna jambo lingine linalopaswa kusemwa wazi mbele ya wazazi. Madukani zipo balbu za kuchaji, zile zinazoendelea kuwaka umeme ukikatika. Ndani yake mna betri ndogo, na mna saketi inayosikiliza kama ncha zake mbili zina njia ya kupitisha umeme kati yake. Ukizishika kwa vidole vyenye unyevu, inawaka. Ukiziunga kwenye koili yoyote ya waya, inawaka. Mtu anaichukua balbu hiyo, anaiunga kwenye koili iliyozungushiwa sumaku za spika, anaipiga picha, na watu laki moja wanaamini wameona umeme unatoka kwenye sumaku. Nimewaletea moja. Naishika hivi. Mnaona? Mkononi mwangu hamna umeme wa kuwasha chumba. Uliomo humo niliuchaji jana usiku nyumbani.

Kwa hiyo naomba tuwe na kipimo kimoja kwa kila anayedai mashine yake inajiendesha. Betri zote zitolewe. Mashine iwekwe juu ya meza isiyo na kitambaa, miguu yake ionekane. Ibebeshwe taa za kawaida za wati zinazojulikana. Chumba kifungwe kwa kufuli, kesho saa kama hiyo hiyo kifunguliwe mbele ya watu. Kipimo hiki hakimdhalilishi mtu. Mgunduzi wa kweli atakitaka yeye mwenyewe.

Hoja ya nne: waliotuachia sheria hii walikuwa watu wa karakana

Baadhi ya vijana wanaamini kwamba sheria ya uhifadhi wa nishati ni ukuta uliojengwa na wakubwa ili masikini wasipate umeme. Ndiyo maana nataka kukaa kidogo na James Prescott Joule.

Joule alizaliwa Salford, Uingereza, mwaka 1818, katika familia ya watengeneza bia. Hakuwa profesa. Alipokuwa na umri wa wengi wenu mliokaa hapo nyuma, miaka ishirini hivi, alikuwa akijenga mota za umeme nyumbani kwao, akitumaini kwamba mota hizo zitachukua nafasi ya injini za mvuke. Alitamani hasa kile mnachokitamani ninyi. Tofauti yake ni kwamba alipima kila kitu. Akaona kwamba kadiri mota inavyozunguka kwa kasi ndivyo inavyozalisha mkondo wa kupinga ule unaoilisha. Akalinganisha pauni moja ya zinki iliyokuwa inaliwa ndani ya betri zake na pauni moja ya makaa yaliyokuwa yanachomwa kwenye injini bora ya mvuke. Zinki ilitoa kazi ndogo zaidi, na bei yake ilikuwa kubwa zaidi. Akayakubali majibu.

Kisha akauliza swali lililomfanya jina lake liandikwe kwenye kila kitabu cha fizikia: nishati inayopotea inakwenda wapi? Katika miaka ya 1840 alifunga mawe ya mizani kwenye kamba, yakawa yanashuka na kuzungusha makafi ndani ya chombo cha maji, naye akapima joto la maji kwa kipimajoto cha hali ya juu. Akapata kwamba kazi inayofanywa na mzigo unaoshuka inageuka joto kwa kiwango kisichobadilika. Kwa vipimo vya leo, kilo moja ya maji ikiporomoka mita 427, nishati yake inatosha kuipasha digrii moja tu.

Tulete hesabu hiyo hapa kwetu. Kituo cha umeme wa maji cha Kihansi, kule Udzungwa, kinatumia mwanguko wa karibu mita 850. Maji hayo yangeachwa yaanguke mpaka chini na nishati yote ikageuka joto, yangepanda digrii mbili. Mbili tu, kwa mwanguko ambao ukiutazama kutoka juu magoti yanalegea. Sasa fikirini lita moja ya maji ya chai. Hapa Njombe yanachemka yakifika kama digrii 93. Kuyatoa digrii 18 mpaka hapo ni kazi sawa na kuinua tani moja mita 32 kwenda juu. Ndiyo maana jenereta ndogo inaweza kuwashia taa kijiji kizima, na jenereta hiyo hiyo ikazimwa na birika moja. Joule alitupa hesabu hii kwa mawe, kamba na maji, vitu ambavyo vipo katika kila shule ya kata.

Kuhusu waliochagua njia nyingine nitasema machache. Mwaka 1775 Chuo cha Sayansi cha Paris kiliamua kutopokea tena maombi ya kukagua mashine za mwendo wa milele. Moja ya sababu walizoandika ni kwamba utafutaji huo ulikuwa umefilisi familia, na kwamba mafundi waliokuwa na uwezo wa kufanya mambo makubwa walikuwa wameteketeza humo mali, muda na akili zao. Nilipoisoma sababu hiyo niliwaona vijana wangu. Karne moja baadaye, huko Philadelphia, John Keely alikusanya fedha za wawekezaji miaka na miaka kwa mota aliyodai inapata nguvu kutoka kwenye hewa na mtetemo. Alifariki mwaka 1898. Karakana yake ilipokaguliwa, chini ya sakafu kulikutwa mabomba, na chini kabisa tufe kubwa la chuma linaloweza kuhifadhi hewa iliyoshindiliwa.

Hoja ya tano: kinachowezekana ni kikubwa kuliko tunavyodhani

Sasa nimefika kwenye sehemu niliyoitamani tangu nianze kusema.

Wengi mmesikia habari za William Kamkwamba wa Malawi, ng'ambo ya ziwa letu, katika wilaya ya Kasungu. Njaa ya mwaka 2001 na 2002 ilimwondoa sekondari kwa kukosa ada. Akawa anakwenda kwenye maktaba ndogo ya shule ya msingi ya Wimbe, ambako alikutana na kitabu cha nishati chenye picha za mitambo ya upepo. Akakusanya feni ya trekta, fremu ya baiskeli, mabomba ya plastiki aliyoyalainisha kwa moto ili yawe mabawa, na dainamo ya baiskeli. Mnara wake aliujenga kwa milingoti, miti hii hii inayotuzunguka hapa. Taa ikawaka nyumbani kwao, na majirani wakaja kuchaji simu. Hakudai kwamba mashine inajizungusha. Alijua kinachoizungusha, akaipandisha juu kukifuata.

Upepo una hesabu yake. Mabawa ya kipenyo cha mita 2, upepo ukiwa wa mita 5 kwa sekunde, yanapitiwa na wati kama 235. Albert Betz, Mjerumani, alionyesha mwaka 1919 kwamba hakuna mabawa yanayoweza kuchukua zaidi ya asilimia 59, kwa sababu upepo lazima ubakiwe na mwendo wa kuondokea. Ya kutengeneza kwa mkono yatachukua robo, yaani wati 60 hivi. Na upepo ukipungua nusu, wati hazipungui nusu. Zinabaki moja ya nane. Kwa hiyo kabla ya kujenga mnara, pima upepo wa mahali hapo miezi kadhaa.

Miguu ya binadamu nitaipita haraka. Mtu mzima mwenye afya anatoa kama wati 75 akipiga pedali kwa utulivu. Akifanya hivyo saa nane mfululizo hafikishi uniti moja. Inafaa kuchaji simu na taa, basi.

Maji, ndugu zangu, ndiyo mali yetu. Mkoa huu umejaa vijito vinavyoporomoka mwaka mzima, na tayari tunao walimu. Matembwe wana umeme wa maji wa kijiji tangu miaka ya 1980. Mawengi, wilayani Ludewa, wana mtambo wa kilowati 300. Wenzetu wa Mufindi wana Mwenga, megawati 4. Kule Songea, masista Wabenediktini wa Chipole wamejenga Tulila kwenye mto Ruvuma, megawati 5. Mitambo hii haikuanza na sumaku. Ilianza na mtu aliyesimama kando ya mto akapima.

Nitawaeleza namna ya kupima, na naomba mwandike. Chukua ndoo ya lita 20 na simu yenye saa ya sekunde. Ziba kijito kwa udongo na mabanzi, maji yote yapite kwenye bomba moja au bati lililokunjwa, uyakinge. Ndoo ikijaa kwa sekunde 2, una lita 10 kwa sekunde. Kisha pima mwanguko. Mafundi uashi mnao mpira wa maji, ule mnaosawazishia msingi, unatosha kabisa. Mtu mmoja juu, mmoja chini, mnashuka hatua kwa hatua mkijumlisha urefu mpaka pale mtambo utakapokaa. Tuseme mmepata mita 10. Zidisha: lita 10 mara mita 10 mara 9.8, unapata wati 980. Mtambo wa kujitengenezea utakupa nusu, tuseme wati 490.

Msiidharau hiyo nusu. Ni taa 49 za wati 10, usiku na mchana, kwa sababu kijito hakilali. Kwa saa 24 ni karibu uniti 12. Jenereta ya petroli ingekula lita sita kila siku kutoa hizo. Na vifaa mnavijua: pampu ya maji ikipitishiwa maji kinyume inakuwa tabaini, mota ya fezi tatu ikizungushwa kwa kasi inayozidi kidogo ile iliyoandikwa kwenye kibati chake, ikafungiwa kapasita zinazolingana nayo, inakuwa jenereta. Fundi wa kusuka mota hapa Njombe anayo tayari theluthi mbili ya maarifa yanayohitajika. Theluthi iliyobaki ni kuchagua kapasita na kutengeneza kidhibiti kinachopeleka umeme wa ziada kwenye hita ya maji, ili taa zikizimwa usiku mtambo usikimbie mpaka ukaharibika.

Alteneta ya gari nayo inafaa, ila kumbukeni rota yake haina sumaku ya kudumu. Inataka umeme wa betri kwanza, na haianzi kutoa kitu cha maana mpaka izunguke zaidi ya mara elfu moja kwa dakika. Kwa kijito kinachokwenda polepole mtahitaji puli, na puli nayo ina kamisheni yake.

Hoja ya sita: chanzo hakina bili, lakini kina gharama

Maji ya Kihansi yalipogeuzwa njia kuingia kwenye mtambo, maporomoko yalibaki na maji machache, na ule unyevunyevu wa mnyunyizo ukakatika. Hapo palikuwa na chura mdogo wa njano ambaye hakuwa akiishi mahali pengine duniani, chura anayezaa watoto badala ya kutaga mayai. Yalifungwa mabomba ya kunyunyizia maji, hata hivyo ugonjwa wa ukungu ukaingia, na mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Amesalia kwa sababu baadhi walikuwa wamepelekwa kwenye bustani za wanyama za Marekani, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa kwao. Taifa lilihitaji umeme ule, megawati 180, nami sisemi kituo kisingejengwa. Nasema gharama ile ililipwa, na anayejenga mtambo wa kijiji naye aulize mapema nani ataathirika huko chini: bustani ya nani, josho la nani, samaki wa nani. Kibali cha kutumia maji kinatolewa na Bodi ya Maji ya Bonde. Kiombwe kabla ya kuchimba mfereji.

Gharama nyingine ni maisha ya watu. Msiunganishe jenereta kwenye nyaya za nyumba inayotumia umeme wa gridi bila swichi ya kubadilishia. Umeme wenu utarudi mpaka kwenye transfoma, utapandishwa kuwa maelfu ya volti, na fundi aliyepanda nguzo akidhani laini imezimwa atakufa. Kapasita hubaki na chaji baada ya mtambo kusimama. Zimwageni chaji kabla ya kugusa. Jenereta ya petroli isiwashwe ndani ya nyumba hata kwa dakika tano, kwa sababu hewa yake ya sumu haina harufu.

Tunakoelekea

Mheshimiwa Mwenyekiti, ninayo mapendekezo mawili, na ningependa yaanze kiangazi hiki.

La kwanza ni kwa shule za sekondari. Kila shule ichague kijito kimoja na kukipima mwezi Oktoba na mwezi Novemba, maji yakiwa machache kabisa, maana mtambo unaopimwa masika utasimama kiangazi. Daftari liwe na safu nne: lita kwa sekunde, mwanguko, umbali mpaka nyumba ya kwanza, na nani anatumia maji hayo sasa. Kazi hiyo irudiwe kila kiangazi, kwa kuwa miaka haifanani. Baada ya misimu mitatu tutakuwa na ramani ya nishati ndogo ya mkoa iliyochorwa na watoto wetu wenyewe, na kijiji kitakachotaka kuomba fedha kitakwenda mezani kikiwa na tarakimu.

La pili ni kwa karakana. Tuweke meza moja ya majaribio yenye mita ya wati, taa za mzigo, saa na kufuli, iwe wazi kwa kila mwenye mashine mpya. Aje bila kulipa, apokelewe kwa heshima, apewe karatasi yenye matokeo. Kijana ambaye mashine yake imetoa wati 40 kati ya 100 asifukuzwe. Aulizwe kijiji chao kina mto gani, na apewe ndoo na mpira wa maji.

Wakuu wa shule waliokubali kuanza watanikuta hapa mbele tukimaliza, nina madaftari ya kuwapa. Kuhusu maswali, namwomba Mwenyekiti aruhusu mafundi wa kusuka mota watangulie, kwa kuwa suala la kapasita linahitaji muda, na mota yenyewe ninayo hapa tuifungue pamoja.